Alama za Mkaa Ukutani

Walikuja wawili ndani ya katoni ya sabuni:
dume mwenye baka jeupe juu ya jicho, na jike asiye na jina.
Shangazi Nabintu aliwatua jikoni, akasema,
"Simbiliki hawaombi mengi."
Kweli hawakuomba. Walipiga mluzi tu.

Binti yangu Cibalonza akaokota mkaa,
akachora mistari miwili ukutani, karibu na mafiga.

Mwezi wa kwanza: mitano.
Watoto wa simbiliki huzaliwa macho wazi, manyoya tayari,
kama wasafiri wanaoshuka garini viatu miguuni.
Kabla ya Pasaka: kumi na mmoja.
Mwezi wa saba: ishirini na sita,
na ukuta ukafanana na daftari la duka la mikopo.

Mimi nafundisha biolojia, darasa la watoto sitini na wawili.
Ubaoni huchora mstari unaopanda:
mwanzo unatambaa,
halafu unaruka kama moto uliopata upepo,
halafu, bila mtu kuukaripia, unainamisha kichwa.
"Kwa nini unainama?"
Mugisho, kutoka dawati la nyuma: "Umechoka, Mwalimu."
Wakacheka. Nilimpa nusu ya alama.
Leo ningempa zote.

Maana uchovu huo nimeuona ukitembea kwa miguu.
Mwanzo nyasi zilikuwa mferejini, nyuma ya choo;
Cibalonza alikata konzi moja, akarudi maji hayajachemka.
Walipofika kumi na mmoja, akaenda hadi uzio wa parokia.
Walipofika ishirini na sita, aliteremka Kadutu yote
mpaka kwenye kijito cha Kawa,
akapanda tena na gunia kichwani,
giza likimfuata kama mbwa wa watu.
Mkitaka kupima kikomo, wanafunzi wangu, wekeni rula chini.
Hesabuni hatua za mtoto wa miaka tisa
kutoka kwenye jani hadi kwenye mdomo.

Kiangazi kikakaza. Matembele yakawa kamba.
Majike waliozaa watatu wakazaa mmoja,
wengine wakaacha kabisa. Madume wakafundishana meno;
wa baka jeupe akabaki na sikio moja.
Hapakuwa na tangazo, wala kikao chini ya meza.
Ila mkaa ulianza kusitasita mkononi:
ishirini na saba, ishirini na sita,
ishirini na saba.

Kisha kuhara. Wiki moja.
Cibalonza hakujua namna ya kufuta mkaa;
kila alipopangusa, ukuta ulizidi weusi.
Wakabaki tisa.

Jozi moja akampa Mama Zihalirwa, nyingine Bisimwa fundi redio.
Nikafurahi. Wametawanyika, nikasema, tumeishinda hesabu.
Mvua za kwanza zilipoanza niliwaona kutoka dirishani
watoto watatu, mundu tatu,
wakiteremka njia moja kwenye nyasi zilezile.

Mugisho akaniuliza tena, safari hii hakucheka:
"Mwalimu, na sisi?"
Nje ya darasa nyumba zimekaliana mabegani,
choo cha huyu juu ya paa la yule,
na kila masika udongo hushuka na kitu cha mtu.
Baba yangu aligawa shamba la Walungu kwa ndugu saba.
Fungu langu linatosha kulala, halitoshi kulima.

Nilishika chaki muda mrefu.
Simbiliki hajawahi kubeba gunia
kwa ajili ya mdomo usio wake.
Hilo nalo nilichore wapi kwenye mstari?

Kengele ikalia, wakatoka wote sitini na wawili kwa mlango mmoja.

Jioni jikoni, tisa wamekuwa kumi na mbili, toka lini sijui.
Gunia linakwaruza mlangoni,
nao wanaanza mluzi
kabla hajaingia.